Upande wa Ndani wa Kitambaa

Shangazi yangu ni mwoga, na simsengenyi, maana hata yeye mwenyewe anasema. Anaogopa mbwa, radi, ngazi na madaraja. Cherehani yake ameiweka kwenye kona ya duka, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kupita nyuma yake. Baiskeli aliyoachiwa na marehemu mume wake huipanda kupeleka sare za shule kwa wateja, lakini mwisho wake ni kituo cha mafuta pale mji unapoishia. Akifika pale anageuza. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mwoga hawezi kuendesha baiskeli kilomita mia na arobaini peke yake, namwacha aongee mpaka achoke.

Mwaka wa yale mafuriko, baba yangu aliangukiwa na gogo kwenye kiwanda cha mbao alikokuwa akifanya kazi, mbali na kwao. Mguu wa kulia ulisagika, kisha ukaanza kuoza. Hospitali ya huko ilikuwa na daktari wa upasuaji aliyekuja siku tatu tu kwa mwezi, Jumatano hadi Ijumaa mchana. Nesi alituambia bila kuzunguka kwamba mguu ukatwe safari hiyo, ama sivyo tumzike baba kabla daktari hajarudi. Baba akagoma. Mimi binti yake, nikiwa na miaka kumi na tisa, nililia, nikabembeleza, mwisho nikamtolea maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Akasema hakatwi mpaka dada yake aje amwambie kwa mdomo wake. Dada ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, baba akiwa na miaka sita, na hakuna jambo kubwa alilowahi kuamua bila kumuuliza.

Simu zilikuwa zimekufa kwa sababu mnara ulikuwa umelala majini. Barabara kuu ilikuwa imefunikwa na maji, magari hayatoki wala hayaingii. Nilimpata dereva wa lori la vitunguu, mtu wa mji wa Shangazi, aliyekuwa ameamua kuliacha lori lake na kurudi kwao kwa miguu kupitia njia za juu, za vilimani. Nikampa ujumbe. Alitembea siku nne. Aliingia dukani kwa Shangazi Jumanne jioni, viatu mkononi, akakaa kwenye benchi la wateja na kusema yote aliyotumwa.

Shangazi akamuuliza dereva njia. Sasa, Shangazi anasoma namba za futi ya kupimia, lakini na herufi hawapatani. Kwa hiyo dereva alipokuwa akieleza, yeye alichukua kitambaa chembamba cha kaki, kilichobaki kwenye kaptura za shule, akawa anashona yale maelezo kwa uzi mwekundu. Mshono ulipanda katikati ya kitambaa, na kila mahali pa kukata kona ulipinda upande wa kwenda. Kushoto ukapinda kushoto, kulia ukapinda kulia. Dereva akaongeza jambo moja la mwisho: kule ni magharibi, kwa hiyo asubuhi jua limpige mgongoni, na jioni limpige usoni.

Kosa alilifanya hapo, na ni kosa ambalo mtu asiye fundi cherehani asingeliweza. Fundi huchora na kuweka alama zake upande wa ndani wa kitambaa, ili chaki isichafue upande unaoonekana. Mikono ya Shangazi ilikuwa imefanya hivyo miaka thelathini, ikafanya hivyo na siku ile. Lakini alfajiri ya Jumatano, alipokuwa anakifunga kile kitambaa kwenye usukani, aliona mafundo ya uzi na ncha zinazoning'inia. Akaona haya. Fundi gani huonyesha watu upande wa ndani? Akakigeuza, upande msafi ukawa juu, akakaza vizuri, akaondoka. Ukiligeuza shati, mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Hilo analijua kuliko mtu yeyote, ila asubuhi ile kichwani mwake mlikuwa na mguu wa mdogo wake tu.

Alikipita kituo cha mafuta akiwa amefumba jicho moja. Safari hii amenisimulia mara nyingi, na kila mara mbwa wanaongezeka. Walianza wawili, sasa wamefika saba. Lakini hofu haiongezi chumvi, hiyo huisimulia vilevile kila mara. Akisikia kishindo nyuma, anashuka na kusimama pembeni, akiushika usukani kwa mikono miwili. Akikuta pamenyamaza, anaogopa zaidi. Palipokuwa na kijito alikuta mbao mbili zimelazwa juu ya maji mekundu. Akaibeba baiskeli begani na kuvuka akihesabu hatua kwa sauti, na alipofika ng'ambo akakaa chini kwenye matope.

Saa sita mchana akafika njia panda ya kwanza. Mshono ulipinda kulia, naye akaenda kulia.

Mbele kidogo alimkuta mfyatua matofali akipanga tanuri lake, akamuuliza kama hiyo ndiyo njia ya hospitali. Ndiyo mama, nenda tu, yule bwana akajibu. Shangazi hamlaumu. Mtu akiona mwanamke amejaa vumbi, macho yamemtoka, anauliza kwa sauti ya kuomba, nani atakuwa na roho ya kumwambia hapana? Siku hizi, akitaka njia, haulizi hivyo. Anauliza, "Njia hii inakwenda wapi?" Kisha ananyamaza, asimpe mtu jibu mdomoni.

Aliendesha saa nne nzima. Mnamo saa kumi jioni aliinamisha kichwa kupanda kilima, akaona kitu cheusi kinakwenda mbele ya tairi lake. Alishtuka nusura aanguke. Kilikuwa kivuli chake. Watu husema mwoga huogopa hata kivuli chake, basi Shangazi alikiogopa, na alikuwa na haki, kwa sababu saa ile kivuli kilipaswa kuwa nyuma yake. Jua lilikuwa linampiga mgongoni. Akashuka, akakitazama kitambaa, akakigeuza. Mafundo yakamtazama. Hapo alilia kwa sauti, katikati ya barabara, na hakuna aliyemsikia.

Akarudi. Usiku ulimkuta kwa muuza mkaa mmoja, mama wa watu, aliyempa mkeka bila kuuliza maswali mengi. Alhamisi mchana ndipo alipoifikia tena ile njia panda, akashika ile njia ya kushoto aliyoikosa, mafundo yakiwa juu na ncha za uzi zikipeperuka, haya imemwisha. Mnyororo ulikatika mara moja, akaufunga kwa uzi wa kushonea mara nane na kwenda polepole. Alilala tena njiani, akaamka kukiwa bado na ukungu.

Kuna jambo ambalo hakuniambia mpaka nilipokuwa na watoto wangu. Alisema kwamba siku ile ya Ijumaa, alipoliona bati la paa la hospitali, alisimamisha baiskeli. Siku tatu alikuwa ameogopa kupotea. Pale aliogopa kufika. Maana akishafika atalazimika kulisema lile neno, na kama mdogo wake atafia mezani, atakuwa amekufa kwa neno la dada yake. Aliwaza kugeuza. Alisimama pale mpaka mguu mmoja ukafa ganzi, kisha akakanyaga pedali.

Aliingia wodini saa nne asubuhi. Nilimwona mimi kwanza, nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi, goti linatoka damu, akiwa bado ameshika pampu ya baiskeli asiibiwe. Harufu ya ule mguu ilimpiga mlangoni, lakini akaja moja kwa moja hadi kitandani. Baba akafungua macho.

"Dada, wakate?"

"Wakate."

"Wewe huogopi?"

"Naogopa," Shangazi akasema. "Wakate."

Daktari alikuja mbio, akamdunga baba sindano, na baba alipopotelea usingizini akachukua kalamu na kuchora mstari juu ya goti. Shangazi aliutazama ule mstari kwa jicho la kazi yake. Akauliza kwa sauti ya chini kama chini ya goti isingetosha. Daktari hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu.

"Jana ingetosha, mama," akasema.

Shangazi aliweka dole gumba kwenye karatasi waliyompa. Nilitaka kumshika mkono, akaukwepesha.

Siku ya tatu baba alipopata nguvu ya kukaa, Shangazi alimweleza yote, bila kujificha: kitambaa, mafundo, njia panda, maneno ya daktari. Alieleza akiangalia sakafu, na nilijua kwamba katika yote aliyowahi kuyaogopa, hili lilikuwa kubwa kuliko yote. Baba akalivuta shuka juu ya pale palipokuwa na goti lake.

"Usijisumbue," akamwambia. "Ungefika jana yake ningekataa. Nilikuwa bado mkaidi."

Shangazi akashusha pumzi ndefu, bega moja kisha la pili, akalala usingizi palepale kwenye kiti. Baba akanitazama, nami nikamtazama. Alhamisi nzima nilikuwa kando ya kitanda chake. Kutwa aliuangalia mlango, akimshika nesi kila alipopita, akimsihi kwamba dada akiingia tu, hata kabla hajakaa, daktari aitwe. Sikusema kitu, na sijasema mpaka leo.