Alituchekesha, Tukachelewa Kumzika

Fundi cherehani wetu wa mtaa huu wa Buyenzi, yule aliyeimba na gitaa lake kwenye harusi mpaka bibi harusi anashika mbavu, alifariki Ijumaa iliyopita. Naandika neno hilo na mkono wenyewe unaona haya, wasomaji wangu, kwa sababu habari hiyo ilipotufikia barazani tuliicheka.

Binti yake ndiye aliyeileta. Tulikuwa tumekaa na kahawa zetu, redio inapiga muziki wa Kongo, nami kama kawaida yangu naota kwa sauti siku ambayo santuri zitatengenezwa mji huu huu, maadamu sasa tumepata uhuru na bendera yetu. Msichana akasimama mbele yetu, kitenge kimefungwa ovyo. "Kaka zangu, baba amekufa. Watamuzika mbele ya alasiri."

Inabidi nieleze kicheko chetu. Wimbo wake uliopendwa kuliko zote ulihusu kifo chake mwenyewe. Anakufa, anamtuma binti yake apite mitaani akilia, kumbe yeye kajificha nyuma ya mlango, anachungulia nani atakuja kweli na nani ataanza kwa kuulizia wali. Hakuna harusi ambayo hatukuudai. Katikati ya ubeti alikuwa anakohoa, na mpiga ngoma alikwisha kukizoea kile kikohozi hata akawa anaingilia palepale. Tulikiiga, watoto kwa wakubwa. Hakuna aliyejiuliza mbona siku hizi kikohozi kimekuwa kirefu kuliko ubeti.

Basi mwenzetu mmoja akainuka, akachungulia nyuma ya ukuta. "Toka, muzee! Tumekuona!"

"We mutoto, baba amekufundisha vizuri," akadakia mwingine. "Hata machozi unayo!"

"Apana, kaka," akasema msichana. "Mi siimbi."

Na mimi, ambaye wote mnanijua kwa moyo laini, nikamwambia: "Mwambie baba aongeze ubeti mwingine." Akatutazama, akaenda baraza la pili. Huko nako tukasikia wanacheka.

Kwetu jeneza likipita, mwanaume hakai kitako, hata kama marehemu hamjui. Unatia bega, unakwenda kidogo, unampisha mwingine, na maiti inafika makaburini kama inaelea juu ya mikono. Jeneza lililotoka siku ile kwenye kichochoro cha nyumba yake lilikuwa na watu wanne tu, na wa kuwapokea hayupo. Lilikuwa linayumba. Mbele alikuwa jirani wa marehemu, fundi wa baiskeli, jasho limemjaa machoni na mkono wa kujifuta hana. Tuliacha vikombe chini tukakimbia. Nilipotia bega hakunigeukia. "Sasa mumeamini?" akauliza. Tulimzika tukiwa watu wachache sana, mtu ambaye akiimba alikuwa anajaza uwanja mzima.

Shule yangu ni ya madarasa machache, lakini jambo hili nimelifikiria mpaka kichwa kimeuma. Wanaojua muziki husema nyimbo za kuchekesha ni za kupitisha wakati, za watu kupumzikia kabla ya nyimbo zenyewe. Mimi sasa naona pengine hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu mnyonge anaweza kusema naumwa, naogopa, jamani mtakuja?, bila kumharibia mtu harusi yake. Fundi wetu alituambia yote, tena mbele ya kadamnasi, tena kwa sauti nzuri. Sisi tukapiga makofi, tukataka arudie.

Jioni tulirudi nyumbani kwake, vichwa chini. Binti akatutandikia mkeka. "Dada, tusamehe," nikamwambia. "Tumekutia aibu."

"Mi nitawakasirikiaje?" akasema polepole. "Leo alfajiri nilimukuta amelala, mudomo wazi. Hata mi nilicheka. Nikamwambia, baba, acha michezo, chai inapoa."

Hapo kila mtu akatazama mkeka. Ndugu zangu, siwaambii tuache kucheka. Mimi mwenyewe siwezi, na marehemu asingetaka. Lakini mchekeshaji akiweka gitaa chini, tusimkimbilie kumwomba wimbo mwingine. Tumpe mkono, tumwulize hali, kisha tunyamaze mpaka ajibu.