Mate ya Wanawake wa Enguserosambu

Mimi ni mtoto wa mkulima wa ngano wa Mbulumbulu, na kazi yangu ni kupima mate ya watu. Mama hajawahi kuizoea. Majirani wakimuuliza binti yake alisomea nini, hujibu, "Mambo ya kichwa," kisha hubadilisha mazungumzo.

Ndani ya mate kuna kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga kwa wingi mtu anapobanwa na hatari au wasiwasi. Ikikaa juu muda mrefu inaweza kuvuruga usingizi na kumbukumbu, pengine hata ubongo wenyewe. Nilitaka kujua hali yake kwa wanawake wafugaji ambao ukame uliwamalizia ng'ombe. Mradi ulikuwa na mkuu wake, profesa aliyekaa mbali na kufika Karatu mara chache. Huku kwenye vumbi nilikuwa mimi.

Katika kijiji cha wafugaji cha Enguserosambu tulianza kazi alfajiri, kwa sababu mate tunayoyataka ni ya mtu aliyeamka sasa hivi. Siku ya kwanza tuliingia boma la bibi mmoja, koko, kama wanavyowaita bibi kule. Alikuwa amenyoa kichwa, anakamua. Ng'ombe walikuwa wamebaki watatu. Mhudumu wa afya wa kijiji, mama aliyekuwa akinitafsiria, alimweleza habari ya kichupa cha kutemea mate.

"Mate yangu nawatemea watoto wachanga kichwani, niwabariki," koko akasema. "Wewe unataka nibariki kichupa?"

Sote tulicheka. Yeye hakucheka.

"Ukishajua yaliyomo, utasema nini juu yangu?"

"Nitasema ukweli, koko."

"Utamwambia nani?"

Fomu yangu ya ridhaa ilikuwa na kurasa nne, na jibu hilo halikuwamo. Akanipa sharti: kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote nje ya kazi yetu, nirudi niwaambie wao. Nikakubali. Akatema.

Miezi ilipita. Siku moja, katika ofisi tuliyopanga pale Karatu, juu ya duka la vipuri, nilifungua rasimu ya ripoti kutoka kwa profesa. Ni kweli homoni za wanawake wengi zilikuwa juu. Lakini ukurasa wa kwanza ulisema ukame umeharibu akili za wanawake hawa, hawawezi tena kujiamulia mambo yao. Nilisoma mara tatu, nikampigia.

"Profesa, hatujapima ubongo hata mmoja. Tumepima mate."

"Ukiilainisha, hakuna atakayeisoma."

"Basi wasiisome. Sentensi hiyo itoke, au jina langu litoke."

"Bado mchanga katika taaluma hii. Usijiharibie."

"Nimekuelewa, profesa. Lakini msimamo wangu ni huohuo."

Nilipokata simu moyo ulinidunda. Nilijua fika ni homoni zipi zilizokuwa zikifanya kazi mwilini mwangu, na kujua hakukunisaidia kitu.

Wiki hiyohiyo nilirudi Enguserosambu. Wanawake walikaa chini, nikawaeleza tulichokipata na tusichokijua.

"Kwa hiyo mwili wangu unajua kwamba ng'ombe wamekufa," koko akasema.

"Ndiyo."

"Ningeshangaa kama usingejua. Na mkubwa wako anasemaje?"

Nilimweleza. Mhudumu wa afya alisita kutafsiri. Nikamwomba aseme yote, asipunguze. Koko akaongea akininyooshea kidole.

"Mwambie ukame ulipoanza, mimi ndiye niliyesema mifugo ihamishiwe upande wa Arash mapema. Wanaume walibisha. Nikawatoa wangu. Hawa watatu wanapumua kwa sababu ya akili ya nani?"

Kwa ruhusa yake niliyaandika maneno hayo bila jina, nikamtumia profesa. Hakunijibu. Ripoti ilipotoka, sentensi ile haikuwamo. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa, na hakuna aliyeniambia sababu.

Mama alidhani nitarudi shambani. Nikamwambia sirudi. Nimepanga chumba Karatu, naandika maombi ya fedha za utafiti wangu mwenyewe, na sharti la koko nimeliweka ukurasa wa kwanza. Mawili yamekataliwa, na kwa moja wafadhili waliniandikia wazi kwamba sharti hilo linachelewesha kazi. Nimeanza la tatu, na sharti sijaliondoa.