Nilimuuliza dada wa Kichina maana ya jina lake, nikabadilisha la mwanangu

Wakuu, habari za huko mliko. Hili limenikuta mwenyewe, na siongezi chumvi.

Mimi Mbajuni wa kisiwa cha Chovai, duka langu liko Kismayo, nauza vyombo vya plastiki na mazulia. Mzigo wangu kule Uchina unasimamiwa na dada mmoja, Zhaodi. Aliishi Mombasa miaka mingi, Kiswahili anakimwaga kuliko baadhi yenu humu.

Mwezi uliopita mke wangu alijifungua. Binti wa tatu.

Nilishukuru, lakini niseme ukweli, moyoni nilinyong'onyea.

Mama, ambaye kwa Kibajuni chake mtu ni 'mchu', akaniambia, "Muite Bashira, mleta habari njema. Huyu ni mchu wa heri, atakuletea ndugu yake mwanamume."

Nikakubali papo hapo. Akika, shughuli ya kumpa mtoto jina, ilikuwa iwe siku ya saba, mbuzi kashafungwa uani.

Siku ya sita nikampigia Zhaodi kuhusu kontena, nikampa na habari za mtoto na jina lake. Akanipongeza. Kunogesha maongezi tu, nikamuuliza, "Na lako lina maana gani?"

Nilitegemea ua, mwezi, vitu kama hivyo. Si ndivyo tunavyosikia majina ya Wachina?

Akanijibu bila kuzunguka.

"Maana yake 'mwite mdogo wako wa kiume'. Babu ndiye aliyenipa. Tulikuwa wasichana watatu."

Na mdogo akaja kweli. Yeye akaitwa Yaozu, yaani wa kuwapa sifa mababu.

"Kila nikiitwa, kaka, anayeitwa ni yeye."

Wallahi nilichemka. Nikamsema babu wa watu: mzee gani huyu, mtoto ni mtoto, Mungu hakosei. Niliongea weee.

Akaniuliza kwa upole tu, "Na Bashira anakuletea habari gani?"

Nikamuaga, nikakata simu.

Nikaingia chumbani kwa mke wangu. Ndiyo kwanza namuuliza yeye angependa jina gani.

Hakufikiri hata kidogo. "Mimi namwita Salma tangu siku ya kwanza, ukishatoka."

Akika ikasomwa kwa jina la Salma. Mama kanuna mpaka leo, nitamtuliza pole pole.

Funzo langu: Bashira ni jina zuri, ubaya ulikuwa kwenye nia yangu. Kabla hujampa mtoto jina, jiulize kama unamwita yeye au unamwita mwingine.

Humu kuna dada aliyepewa jina la kumvuta ndugu wa kiume? Tuambie ulijua lini. Nipo nasoma.