Maharagwe Panda, Mti Hapana

Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ileile niliyofika Mweso. Mwenye kiwanja, au parseli kama wasemavyo hapa, mjane kutoka Butembo mwenye duka la sabuni na misumari kando ya barabara, alinionyesha kibanda cha mbao nyuma ya duka lake, akanionyesha na kipande cha kulima. Kisha akautazama mkebe niliokuwa nimeukumbatia tangu kijijini kwetu Kibabi.

"Mwalimu, maharagi panda, viazi panda. Muti hapana. Muntu akipanda muti, kesho anasema parseli iko yake."

Sikubishana. Hata kwetu ndivyo: mti ndio hati ya shamba. Ndani ya mkebe ule, uliowahi kuwa wa mafuta ya msaada, nilikuwa nimechomeka kijiti cha mti wa mpaka, jamii ya mkuyu, ule unaoshika hata ukichomeka fimbo tu. Nilikikata kwenye mpaka wa shamba la marehemu baba asubuhi tuliyokimbia vita. Wengine walibeba magodoro. Mimi nilibeba fimbo yenye majani mawili, nikisema siku tutakayorudi, hata kama ng'ombe wa watu watakuwa wameufuta mpaka wote, nitakuwa na mti wa kuchomeka palepale baba alipouchomeka wa kwake.

Basi ukakaa mkebeni. Nilitoboa matundu chini ili maji yatoke, na kila mizizi ilipochungulia niliinua mkebe nikaikata kwa mkasi. Matawi pia niliyapunguza, maana mti mrefu ndani ya mkebe huangushwa na upepo. Miaka ikapita. Shina likanenepa, lakini mti ukabaki kimo cha chupa ya bia. Nilikuwa nauonea aibu.

Mwalimu mwenzangu, aliyechoka kuniona peke yangu, ndiye aliyeniandikisha kwenye saiti ya wachumba. Si saiti ya hivihivi, aliniambia. Wanaume wa Ulaya hulipa kila mwezi, na sehemu ya malipo huenda kwa shirika linalowasaidia watu wasio na nyumba. "Dada, kule wanaume wako na roho muzuri." Kulikuwa na swali la lazima: wewe unawasaidiaje watu wasio na nyumba? Nilicheka hadi mega za intaneti zikataka kuisha. Nikajibu kwamba ninamhudumia mmoja kila siku, nampikia na kumfulia nguo.

Akaniandikia mwanamume mmoja, mzaliwa wa Butembo aliyeondoka akiwa mtoto, sasa fundi wa lifti huko Ubelgiji. Alisema mtu anayempikia asiye na nyumba ana moyo mkubwa. Nilimpenda, sitaki kuficha. Alikuwa anauliza nimekula nini, tena anangoja jibu. Kwa ajili yake nilikuwa napanda kilima nyuma ya hospitali kutafuta rezo ya simu, na matope yale yote, mtu mzima na viatu mkononi.

Siku moja nikamtumia picha yangu nimeketi mlangoni. Nilikuwa nimesuka nywele. Hakuniona mimi, aliuona mkebe.

"Mama yangu! Uko na bonsai!"

Neno hilo nilikuwa silijui. Akanifafanulia: ni miti inayofugwa ndani ya vyombo, ikikatwa mizizi na matawi ili ibaki midogo miaka mingi. Yeye amelijaza dirisha zima miti hiyo. Akauliza nani amenifundisha kazi nzuri namna ile. Nikamwandikia ukweli wote, polepole, asije akakosea kusoma. Asiye na nyumba ninayempikia ni mimi mwenyewe. Mti ni mdogo kwa sababu mkimbizi hapandi mti kwenye parseli ya mtu. Si urembo, ni mti uliokosa pa kusimama. Nikamalizia kwamba ninachotaka ni mwanamume mwenye kipande cha udongo, aniambie: panda hapa.

Jibu lilikuja refu, nami nikaufurahia urefu wake kabla ya kulisoma. Aliomba radhi, akasema amelia. Kisha akasema sasa ameelewa kwa nini mti wangu unaipita miti yake yote: mateso yameupa umbo. "Tafazali, usiuweke chini hata siku moja. Ukiuweka chini utaharibika. Utakuwa muti kama miti mingine."

Nilitaka kuitupa simu korongoni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, sawa, lakini huyu njaa yangu nilikuwa nimemweleza herufi kwa herufi, naye akaisifu kwamba imenipa kiuno.

Nikanuna. Mvua zilianza, nikafundisha, nikapika, nikanuna, hadi nikasahau kuinua mkebe. Yeye akaandika kwamba ametuma zawadi. Ilizunguka njia ndefu, mwisho ikafika kwenye lori la bidhaa za mama mwenye duka, katikati ya mifuko ya chumvi. Tuliifungua pamoja. Lilikuwa bakuli la bluu linalong'aa, na kina chake hakizidi sahani. Nilikuwa nimemwomba udongo. Amenitumia udongo kweli, uliochomwa.

"Hii iko ya kulia nini?" mama akauliza.

"Ya kutia muti, Mama."

"Muti gani itaingia humu?"

Nilienda na mkasi, nikiwa na hasira ya kutosha kuukata mti wenyewe. Nikaushika mkebe, nikauinua. Haukuinuka. Nikavuta kwa mikono miwili, kutu ikameguka, na kumbe kitako cha mkebe hakikuwepo tena. Mizizi ilikuwa imepita na kuishika ardhi ya watu.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama nyuma yangu na bakuli mkononi. Nikaanza kusema nitaikata, Mama, naikata sasa hivi. Aliutazama mti, akakitazama kibanda changu, akautazama ukuta wa duka lake kama anayepima kivuli kitafika wapi.

"Mimi nilikukataza kupanda," akasema. "Sikukuona unapanda."

Akarudi dukani na bakuli lake. Siku hizi anatilia misumari.

Nililia, na sitasema ni kwa furaha. Kibabi bado hakurudiki. Mti niliouahidi mpaka wa baba umeshika hapa bila kuniuliza, na mama, kwa wema wake wote, alikuwa ananiambia kile ambacho hakuna aliyetaka kukitamka, kwamba sirudi karibuni. Nilivikasirikia vita, nikamkasirikia yule wa Ubelgiji, nikaukasirikia na mti. Mkasi niliurudisha ndani.

Mwaka huu mwanamume aliandika tena, akaomba picha ya bonsai ndani ya bakuli. Nilimtumia picha ya mti: umepita juu ya mlango, na shina limemeza mabaki ya mkebe. Hakuutambua.

"Na bonsai? Ilikufa?"

"Hapana," nikamwandikia. "Iliharibika. Imekuwa muti kama miti mingine."