Kuku Wangu Hawakufa

Mimi nina mdomo, kijiji kizima kinajua. Naongea na ng'ombe, naongea na sufuria, na kuku ndiyo usiseme. Asubuhi ile nilikuwa nimembana jogoo kwapani, namdondoshea chanjo ya kideri jichoni. Niliinunua Mpanda mjini, kwenye duka la dawa za mifugo pale Kashaulili, nikasafiri nayo kwenye basi nimeifunga kwenye kitambaa kibichi isipate joto. Tone moja, jicho moja, basi. Jogoo akanichana mkono kwa kucha, nami nikamporomoshea matusi ya Kisukuma. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaenda kisimani akasimama njiani, akaniangalia, akapita bila kunisalimia.

Haukupita muda, kideri kikaingia. Jamani, kuku walikufa! Mabanda yakabaki matupu, watoto wakawa wanakusanya mizoga kwenye karai. Kwangu kuku wanachakura tu, na yule jogoo mshenzi anawika kama kawaida.

Kisimani ikasemwa nimeonekana nikiwatia kuku dawa machoni huku nawanong'oneza. Habari ilipofika kwenye mashine ya kusaga, dawa ilishakuwa ya mganga. Kufikia Jumapili, nje ya kanisa, eti nimetoa kafara kuku wa kijiji kizima ili wangu wapone! Na sidhani kama kuna mtu alikusudia kusema uongo. Kila aliyepokea aliongeza chumvi kidogo, akampa mwenzake. "Lisemwalo lipo," wakasema, wakaendelea na safari zao.

Wakanitenga. Kutengwa kwetu hakuna makelele, wala hakuna anayekutukana. Watu wanaacha tu kuja kuomba moto kwako. Viberiti vipo dukani, lakini asubuhi mwanamke hubeba kigae kwenda kwa jirani apewe makaa, na hapo ndipo watu wanapojuliana hali. Kwangu vigae vikakoma. Na aliyetengwa akifiwa, anazika mwenyewe.

Hilo ndilo lililomtesa Mayu. Ndivyo nilivyomwita mama wa mume wangu, kwa Kisukuma chetu, na alikuwa mama kweli. Miguu ilikuwa imemvimba, na alijua siku zake si nyingi. "Mkamwana, nani atanichimbia?" aliniuliza, nikageuza uso. Akamwambia mwanawe afunge ng'ombe kwenye mkokoteni, tuhame tena kama tulivyohama kutoka kaskazini, akafie penye watu. Mume wangu akasema Mayu atafia njiani. Nilikuwa na hasira ya kuchoma nyumba, ila ningeanza na ya nani?

Bwana mifugo akaitisha mkutano. Alieleza chanjo vizuri mpaka watu wakapiga makofi. Kesho yake hakuna mguu uliokanyaga kwangu.

Aliyekuja ni jirani yangu, Mpimbwe, kabila la wenyeji wa huku, mama wa kwaya anayeheshimika kanisani. Alikuja jua limeshapanda, kigae mkononi.

"Jirani, naomba moto."

"Huogopi?" nikamuuliza.

"Naogopa. Ila siogopi kuku wako, nawaogopa wanaokuogopa. Na nadhani wao nao wananiogopa mimi."

Nikamjazia makaa. Kwake ni kuvuka mfereji wa mpunga tu. Yeye akaenda kuzungukia kisimani, kigae kinafuka moshi, anawasalimia wote: "Mmeamkaje? Nimetoka kuomba moto kwa jirani." Akapika ugali kwa moto huo, mume wake akala, na jioni watu wakamwona mzee anapasua kuni, mzima kabisa. Mungu ambariki mama yule. Mpaka leo nikimwona nashindwa kuongea, na mimi mnanijua.

Siku chache baadaye akaja mwanamke mwingine, kamficha tetea chini ya kitenge. "Dada, chanjo imebaki? Mtilie na huyu, ila usiniseme." Kabla sijajibu, akaingia wa pili, naye kitenge chake kinalia ko-ko-ko. Walipoonana, weee! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Kumbe na wewe!"

"Mimi nilidhani nyie ndiyo mnaamini!"

Nilicheka huku roho inaniuma. Muda wote ule kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenzake tu, na Mayu kitandani anahesabiwa hana watu. Siku hizi kijiji kizima kinachanja, na ukiuliza nani aliamini, humpati hata mmoja.

Lakini asubuhi Mayu alipofariki, walioshaingia uani kwangu walikuwa wale watatu tu. Mume wangu alikataa kugonga mlango wa mtu. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba peke yake, akaanza kuchimba kaburi la mama yake. Nilisikia jembe linagonga ardhi kavu, nikapiga yowe.

Wakaja. Jirani yangu alitangulia na wanakwaya wake, wale wa kuku wakafuata na kuni kichwani. Kisha nikamwona mwanamke aliyeniangalia njiani siku ile ya chanjo, na ndoo ya maji. Aliingia jikoni kwangu, akainjika chungu, akaanza kupuliza moto. Nilimlilia Mayu, na katikati ya kilio nilikuwa nasema asante, asante, kwa sauti, bila aibu.

Mume wa mwanamke huyo alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, na wanaume wengine nyuma yake. Mume wangu hakuinua kichwa, aliendelea kuchimba. Yule bwana akashuka ndani ya shimo, akaushika mpini.

"Kaka, lete jembe," akamwambia. "Mfiwa hachimbi."