Oili Isiyonuswa

Mume wangu nilimpata kaunta, tena kwa ugomvi. Nauza oili za magari River Road, na siku hiyo aliingia, akafungua galoni bila kuuliza, akajimwagia tone kidoleni, akalisugua, akalinusa. Nikamwambia hapa si jikoni kwa mamake. Alicheka, akainunua ile galoni, kisha akawa anarudi kila wiki ilhali hata gari hakuwa nalo.

Ni fundi wa injini za meli. Siku hizi yuko kwenye meli mpya inayochoma amonia badala ya dizeli, kwa kuwa amonia haina kaboni ya kuchafua hewa. Mimi niko nyumbani Riruta, na simu. Wenzangu huambiwa na waume zao kwamba wanakosa usingizi kwa kuwawaza; mimi huambiwa habari za oili, nami husikiliza hadi sikio lishike moto, maana ni sauti yake.

Ananieleza kwamba amonia hupenya pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili. Humo hukutana na maji, hugombana na kemikali zinazoilinda oili, na polepole oili huwa nzito na kuacha tope. Kibaya zaidi, kipimo cha uzima wa oili hupima alkali, ile kinga yake dhidi ya asidi, na amonia yenyewe ni alkali. Kwa hiyo kipimo kinaweza kusema oili ina nguvu, kumbe imeshachoka. Basi wakifika bandarini yeye hutuma sampuli maabara na kungoja majibu roho juu. Kunusa hathubutu, amonia ni sumu; hata kifuniko hukifungua kwa glavu na barakoa. Siku aliponiambia hilo nililia. Sasa nikifunga duka huvinusa vidole vyangu kwa niaba yake. Jirani wa duka la pili aliniona akacheka, wala sikukana. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Mkataba wake ulikuwa uishe kabla ya Krismasi. Nilishapaka chumba rangi, nikabadilisha mapazia, nikatangazia kanisa zima. Ndipo akapiga asubuhi moja nikipanga galoni, akasema wakubwa wa meli wanaomba abaki safari nyingine, kwa sababu walioizoea oili ile ni wachache mno.

"Sijawajibu," akasema. "Ukisema nirudi, narudi."

Niliisikia furaha aliyokuwa akijaribu kuizima. Hajawahi kuombwa kitu hivyo, maisha yake yote. Nami nilitaka kumwambia aje leo, aje hata kwa kuogelea, nimechoka kulala na simu kifuani.

"Kaa tu," nikamwambia. "Mimi niko sawa."

Nilitaka anibishie. Huyu ni mtu wa kubisha kila kitu, hata bei ya nyanya, hata mahubiri. Nikakaza simu sikioni, nikingoja aanze.

"Asante," akasema, kabla hata sijameza mate.