Ukienda Tunabaki Tisa

Laiti ningeikataa kazi ile ya gereji. Niliikubali nikiwa kijana, nikaja Maskati, na uzee umenikuta hapahapa Ghala, mtaa wa magereji, nikiuza vipuri vilivyotumika. Usinionee huruma, rafiki yangu. Sistahili.

Jua likitua mafundi hunawa grisi, hutandika mikeka na kuitana: "Yallah, sogea, bega kwa bega!" Mimi hufunga mlango nikasali peke yangu, nikiwaonea kijicho. Hapo ndipo kwetu hunirudia, kule milimani Kenya, tulikokuwa Wayahudi wa kuhesabika.

Ijumaa nyanya alifukia sufuria ya maharagwe kwenye majivu ya moto, kwani Sabato hatuwashi moto. Asubuhi harufu yake ilitufuata mpaka kwenye nyumba ya sala, banda la mabati lililonguruma kwa mvua. Kazi yangu ilikuwa kugonga milango. Sheria yetu haibembelezi: pasipo wanaume kumi, Torati haisomwi mbele ya watu, wala mfiwa hasemi Kadishi, sala anayomsomea maiti wake. Jirani yetu fundi cherehani alikuwa mzito wa kuamka.

"We mtoto ni nzi!" alinifokea. "Mwambie babako Mungu hana haraka, mimi nina usingizi!"

Alikuja hata hivyo, kiatu kimoja mkononi, akinitukana njia nzima.

Nilipofika miaka kumi na mitatu nikahesabiwa mtu mzima, nikashika nafasi ya mzee aliyekufa, nikawa wa kumi wao. Nilichukia. Banda lilikuwa kikohozi, ugomvi na jasho la wazee. Utamu wa sala niliuonja peke yangu, juu ya mwamba nyuma ya shamba, nikajiona mtakatifu kuliko wao wote.

Siku ya kuaga, baba hakunipa mkono.

"Ukienda tunabaki tisa."

"Kwani Mungu hasikii mtu mmoja, baba?"

"Anasikia. Lakini nikifa, huyo mmoja atanifaa nini?"

"Mwache aende," fundi cherehani akadakia. "Mtume wa spana huyo!"

Nikaondoka nimenuna. Hawakumpata mwingine. Banda likafungwa, vijana wakatawanyika, wazee wakafa. Habari ya baba ilinifikia keshazikwa. Waliosimama kaburini hawakutimia kumi, na mimi huku sikuwa na hata mmoja wa kusimama naye.

Mimi ni mwanawe wa pekee. Baba yangu hajasomewa Kadishi mpaka leo.